Tulipewa nyumba mbili tuchague: Katonga kwa mama mkwe au Simbo kwa baba. Leo tumepanga Gungu

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mliojificha mahali mnasoma simu.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyokuwa. Atakayeona nimeongeza chumvi aje Gungu nimuonyeshe chumba ninachoandikia.

Mimi ni fundi wa injini za boti. Kazi yangu iko mwaloni Katonga, pale samaki wanaposhushwa. Boti ikirudi asubuhi na injini inakohoa, mwenye boti anamtafuta fundi aliye karibu. Ukichelewa, mwenzako kashakula kichwa, kazi kaipata yeye.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa tumepanga hapa hapa Gungu, vyumba viwili vya uani, mimi, mke wangu Mama Rehema na watoto watatu. Siku moja mwenye nyumba akatuita kwa heshima zote. Mwanawe anaoa, anavihitaji vile vyumba. Akatupa muda wa kutafuta.

Habari ikafika kwetu na ukweni karibu kwa wakati mmoja, na kila upande ukasema njooni huku.

Wakuu, wiki ile nilijiona mwenye bahati kuliko watu wote wa Kigoma.

Option ya kwanza ilikuwa Simbo, kwa baba. Mzee alikuwa amejenga nyumba ya pili ndani ya kiwanja chake, tofali za kuchoma, vyumba vinne, na akaiacha wazi kwa mtoto atakayerudi. Nyuma michikichi, pembeni mihogo, sombe, yaani kisamvu, unachuma mlangoni. Watoto wangekuwa na pa kukimbia.

Ubaya wake: umeme ulikuwa umeishia barabarani, maji ni ya kushuka bondeni, watoto wabadilishe shule, na mimi nipande boda kila alfajiri kuwahi mwaloni. Mvua ikinyesha ndiyo basi tena.

Option ya pili ni Katonga, kwa mama mkwe, Bi Mwajuma. Mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, karibu kabisa na maji. Umeme upo, bomba lipo, mimi natembea kwa miguu hadi kazini. Na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kusumbuliwa na kifua, hana mtu wa kumpa hata maji ya kunywa. Mwanawe wa kiume, shemeji yangu Shabani, yuko Mpanda na biashara zake, anapiga simu sikukuu kwa sikukuu.

Ubaya wake: nyumba imechoka, harufu ya dagaa hadi kwenye mto wa kulalia, na ziwa lilikuwa limeanza kupanda. Halafu kuna lile jambo ambalo wanaume mnalijua. Kukaa ukweni.

Tulijadili sana na mke wangu. Yeye hakunisukuma, hilo nataka lieleweke. Alisema, "Baba Rehema, kokote utakakosema nitakwenda. Ila mama anakohoa."

Nikachagua Katonga. Kwa kazi, kwa shule ya watoto, na kwa yule mama.

Nikaenda Simbo kumweleza baba uso kwa uso, maana mambo kama haya huyapeleki kwa simu. Nikamkuta anasimamia vijana wanaokamua mawese.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmeshafunga mizigo?"

Nikajieleza kuanzia mwanzo. Hakunikatisha. Nilipomaliza akajifuta mikono kwenye gunia.

"Kwa hiyo unahamia kwa mwanamke."

"Ni sababu ya kazi, baba."

"Nimesikia. Nenda ukaolewe salama."

Vijana wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, wakuu, maana sikujua nifanye nini na uso wangu.

Hiyo ndiyo ilikuwa baraka niliyohamia nayo.

Sasa niseme haki ya Bi Mwajuma. Kama kuna mtu ana picha ya mama mkwe mkorofi, aiweke pembeni. Yule mama alikuwa akisikia nimerudi anapitia mlango wa nyuma ili nisibanane naye ukumbini. Sahani yangu ilifunikwa kawa kila siku. Hakuwahi kunihesabia chumba. Mimi nikabadilisha bati zilizooza, nikasakafia upya, nikajenga jiko la nje. Nilifanya kama kwangu, maana nilijua ni kwangu.

Ziwa halikujali.

Kwanza lilimeza pale kina mama walipokuwa wanaanika dagaa. Msimu uliofuata likachukua choo cha jirani, halafu chetu. Majirani wakaanza kuhama mmoja mmoja, wanang'oa milango na madirisha wanaondoka navyo. Mimi nikapanga viroba vya mchanga. Sakafu niliyosakafia ikaanza kutoa jasho, kisha ikapasuka.

Bi Mwajuma hakutaka kusikia habari ya kuhama. "Ziwa hili lilishakuja hivi nikiwa msichana," alisema. "Likarudi lenyewe. Na sasa litarudi."

Asubuhi moja Mama Rehema alitoka jikoni na sufuria la uji. Hajafika mlango mkubwa, ukuta wa jiko ukalala chini nyuma yake. Uji wote ulimwagika, lakini hakuguswa na tofali hata moja.

Nikasema leo leo tunatoka.

Watoto wakatolewa, vyombo vikatolewa. Maji yalikuwa yanafika magotini ukumbini. Mama mkwe amekaa kitandani, miguu ameipandisha juu, tasbihi mkononi.

"Mimi humu niliingia bibi harusi," akasema. "Nendeni."

Mke wangu akamlilia. Majirani wakamwita dirishani. Hakusogea. Na kutembea mwenyewe kwenye yale maji asingeweza, kifua kilikuwa kimeshamlegeza.

Nikageuka, nikachuchumaa, nikambeba mgongoni.

Wakuu, mnaojua mila mtanielewa. Mkwe kumbeba mama mkwe mgongoni, mchana, watu wa mwaloni wote wamesimama wanatazama. Alijifunika kanga uso mzima. Nilisikia anaongea kwenye shingo yangu, "Mwanangu, unanivunjia heshima."

"Nisamehe mama."

"Unanivunjia heshima."

Alirudia hivyo hadi tulipofika pakavu.

Vyombo tukaviweka kwenye fremu ya fundi mwenzangu, familia ikajibanza kwa jirani aliyehamia juu. Kesho yake nikapanda boda hadi Simbo. Njia nzima nilikuwa najiambia, baba ni baba, alikasirika lakini yamepita.

Nikakuta kwenye ile nyumba kuna mapazia. Mdogo wangu Hamisi alikuwa ameoa na baba amempa aingie. Hakuna aliyeniambia.

Nikaeleza shida yangu. Hamisi mwenyewe akasema, "Kaka, vyumba viko vinne, sisi tuko wawili. Njooni tu."

Baba akamnyamazisha kwa mkono.

"Wewe na mkeo na wajukuu zangu, karibuni," akaniambia. "Lakini mama mkwe wako anao watoto aliowazaa."

"Baba, yule ni mgonjwa. Shabani hapokei simu."

"Nilikujengea nyumba ukaikataa mbele ya watu. Sasa unaniletea na watu walioninyang'anya mtoto niwalishe?"

"Hawakuninyang'anya. Nilichagua mwenyewe."

Akasema, "Hapo umesema kweli."

Nikarudi mjini. Kwa mke wangu nilikuwa nimepanga kusema nusu. Nikamwambia tu kwamba nyumba ina mtu. Akaniangalia.

"Alisema nini kuhusu mama?"

Nikainama kuvua viatu.

"Basi," akasema. Hakulia, hakutukana. Alikwenda kumgeuza mama yake upande wa pili maana alikuwa anakohoa.

Ningeweza kupeleka watoto Simbo na yule mama nikamtafutia pa kujishikiza. Wapo ndugu walionishauri hivyo. Lakini nilikuwa nimekula sahani iliyofunikwa kwa kawa lake muda wote ule. Tukapanga Gungu, chumba na sebule. Bi Mwajuma tukamwekea kitanda sebuleni nyuma ya pazia, upande usio na dirisha.

Hakukaa sana. Kila asubuhi nikitoka kwenda kazini alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini, "Ziwa limerudi?" Nikimwambia bado, anarudi kwenye tasbihi yake. Siku ya mwisho hakuuliza. Nilijua nikiwa bado mlangoni.

(Naona kuna mmoja kashauliza hapo chini kwa nini nisingejenga kwangu. Mkuu, ile bati na simenti iliyoko chini ya maji Katonga ndiyo ilikuwa nyumba yangu ya kujenga. Tuendelee.)

Tulimzika Ujiji. Shabani alikuja kutoka Mpanda, kanzu nyeupe, analia kuliko wote. Tumekaa kwenye mkeka baada ya mazishi nikamsikia anawaambia wazee, "Mama wangemwacha kwake angekuwa hai mpaka leo. Mtu mzima humtoi kwenye nyumba yake kwa nguvu." Na kuna vichwa vilitikisika kukubali. Ilishasambaa kwamba nilimbeba kwa nguvu.

Mtu ambaye hakumpelekea mama yake hata kidonge cha kikohozi. Kabla ya arobaini alikuwa ameshauza kipande cha kiwanja kilichobaki pakavu. Mimi na dada yake tulisikia kwa watu wa mwaloni.

Baba pia alikuja mazishini. Alisimama safu ya nyuma, akanipa mkono, akasema "poleni", akaondoka kabla ya chakula.

Mwaka jana Hamisi akapata kazi Kahama, akahama na mkewe. Siku chache baadaye simu yangu ikaita, ni baba. Huwa hapigi, ni mtu wa kutuma watu.

"Nyumba iko wazi. Umeme umefika. Njooni."

Sitawadanganya, nilifurahi. Niliacha injini wazi mezani nikaenda nyumbani mbio. Nikamkuta Mama Rehema anafua. Nikamweleza. Akaendelea kufua mpaka akamaliza lile shati.

"Nenda na watoto, ni kwa babu yao. Mimi siwezi kulala kwenye nyumba ambayo mama yangu alikataliwa akiwa hai."

Nikamwambia yale yamepita. Nikamwambia tunabanana hapa kama dagaa. Nikapandisha na sauti, watoto wakatoka nje.

"Sikuzuii, Baba Rehema," akasema. "Nakwambia tu mimi siwezi."

Nikaenda Simbo peke yangu. Baba alikuwa ameshafagia ule uwanja, ameshamwita fundi akaweka na taa ya barazani. Akauliza, "Mkeo amesema nini?"

Nikamwambia kama alivyosema, neno kwa neno.

Aliokota ufagio akauegemeza ukutani. Halafu akauliza, kama mtu asiyekumbuka vizuri, "Nilimkataa yule mama?"

"Ulimkataa, baba."

"Nilikuwa nimekukasirikia wewe."

"Najua."

"Yeye hata sikuwa namjua vizuri."

Alitazama ile taa ya barazani, akasema atapangisha. Na kweli alipangisha. Sasa hivi anakaa nesi mmoja na familia yake, watu wazuri tu. Idd iliyopita nilipeleka watoto kwa babu yao, wakataka kuingia mle ndani kucheza. Baba akawaambia, "Msiingie, pana wenyewe."

Mke wangu na baba yangu hawajawahi kutupiana neno baya hata moja. Nikienda Simbo ananiambia, "Nipelekee shikamoo kwa baba." Nikirudi nakuja na marahaba na dumu la mawese. Mawese anayapokea na kuyapikia. Simbo haendi.

Na mimi siwezi kumlaumu yeyote kati yao, hicho ndicho kinachoniuma zaidi. Ningempata wa kumlaumu ningelala.

Nilichojifunza, kwa mnaosubiri funzo: mkipewa nyumba mbili za familia msipige hesabu ya umeme, maji na umbali wa kazi peke yake kama nilivyofanya. Zile nyumba zina watu ndani, na kila mmoja anakusikia unapochagua. Mimi nilidhani nakataa michikichi na maji ya bondeni. Mzee alisikia namkataa yeye. Ningekaa naye siku mbili tatu, nikalala pale, nikala naye, nikamwomba ruhusa badala ya kumpelekea taarifa, huenda yule mama angefia kwenye chumba chenye dirisha.

Huenda. Sijui.

Wakuu, nawaachia uwanja. Mliowahi kukaa ukweni, mlionyimwa mlango kwenu, na wanawake mlioko humu, hasa nyinyi: hivi mke wangu nimsubiri au nimwache na uamuzi wake nisiuguse tena? Matusi yapo, nitayasoma pia. Kesho asubuhi nina injini mbili za kufungua, nikitoka mwaloni nitapita kuwajibu.