Mwaka Nilipoachwa na Kiboko

Siku ile Mwalimu Mtupa alipovuka mto kunifuata naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko siku nyingi zilizokuja baadaye. Nilikuwa bondeni, juu ya dungu la mama yangu, nafukuza ndege kwenye mpunga. Dungu ni kile kibanda cha miti mirefu tunachojenga shambani, ili maji ya mto yakipanda yasitukute chini. Nikasikia mtu anaita ukingoni: "Shabani! Shabani we!" Nikajua sauti, moyo ukanidunda. Mwalimu Mtupa alikuwa kocha wetu. Na kocha hapandi mtumbwi mchana wa jua kali kuja kukusalimia tu.

Nikurudishe nyuma kidogo, usije ukapotea.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipowaachia watu biashara. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni na sukari kwenye duka la kijiji tukaona ghafla maduka ya watu binafsi yamejaa Ikwiriri, mitumba imetandazwa hadi kando ya barabara, na ufuta tuliokuwa tukiupeleka chama cha ushirika sasa unagombaniwa na wanunuzi wenye malori. Mpira nao ukapata wenyewe. Timu yetu ya Kiboko, ambayo jezi zake tulikuwa tukishonewa na fundi wa sokoni, ikapata mfadhili. Huyu alikuwa Bwana Kindamba, mnunuzi wa ufuta. Akatupa jezi za dukani, njumu, mipira ya ngozi na lori la kutupeleka kwenye mechi. Sisi tukampa uenyekiti. Sisemi alifanya vibaya. Alitusaidia sana, Mungu amlipe. Ila tangu hapo mpira ukawa unazungumzwa ghalani kwake, katikati ya magunia, na mchezaji akawa anapimwa kama gunia.

Mimi nilikuwa kipa. Sitaki kujisifu mbele yako, lakini ukienda Ikwiriri ukakuta mzee wa rika langu, muulize.

Mechi ya mwisho ya ligi ya wilaya tulicheza na Kibiti, kwao. Nafasi ya kwenda ligi ya mkoa tulikuwa tumeshaipata, lililobaki lilikuwa kombe. Tulikuwa mbele kwa goli moja. Jua limeinama, mtu wao akapiga shuti kutoka mbali, mbali kweli, mpira wa kudaka huku unacheka. Sikuuona. Nilisikia watu wanapiga kelele, nikageuka, mpira umeshalala wavuni. Haukupita muda wakapiga mwingine wa namna ileile, nami nimesimama vilevile. Kombe likabaki Kibiti. Kwenye lori, wakati wa kurudi, hakuna aliyekaa karibu yangu.

Mimi mwenyewe sikuelewa kilichonipata. Nikawaza labda wamenifanyia mambo yao. Unajua tena mpira wa kwetu, hata golini hupajui pamefukiwa nini. Lakini Ikwiriri mjini watu walikuwa na jibu lao: Shabani kauza mechi. Na ushahidi wakaupata. Asubuhi ya siku ile nilionekana Kibiti nakula wali hotelini na mtu wa kule. Kweli nilikula. Alikuwa shemeji yangu, kaja kunipa habari kwamba dada amejifungua salama. Halafu wiki ile ile nikavaa shati jipya la mtumba. Basi, kesi imekwisha! Nikipita sokoni watu wanalitazama shati.

Masika yakaingia, mpira ukasimama, kila mtu akaenda shambani kwake. Huo ndio wakati kamati ya usajili inapokaa kuamua nani anabaki na nani anaachwa, kabla ligi ya mkoa haijaanza baada ya mavuno. Nami nikajificha bondeni na ndege wangu.

Mwalimu alipanda ngazi ya dungu taratibu, maana alikuwa mtu mzima mwenye kitambi. Nikamwamkia, akaitikia. Mama akampa maji. Alipokwisha kunywa akaniuliza bila kuzunguka:

"Shabani, umeuza mechi?"

"Wallahi sijauza, Mwalimu."

Akamrudishia mama kikombe. Kisha akageuza uso shambani, akasema kama mtu anayeongea mambo mengine, "Mbona wale ndege huwafukuzi?"

"Ndege gani?"

"Wale kule mwisho, wamejaa kwenye mpunga."

Nikatazama. Niliona kijani tu, kama nguo iliyotandikwa. Ndege nilikuwa nawasikia. Wakija karibu nawaona, wakiwa mbali nawafuata kwa kelele zao, na nilidhani kila mtu ndivyo anavyofanya.

Mama akadakia, "Mwalimu, huyu ndivyo alivyo! Kila siku namwambia, mpaka washibe ndiyo arushe udongo. Mimi nikajua uvivu."

Mwalimu hakucheka. Akanyoosha mkono, akanionyesha dungu la jirani. Je, ameketi mtu? Sikujua. Mtumbwi ule unakuja au unakwenda? Sikujua. Mwishowe akashika goti langu, akasema polepole, "Baba, hukuuza mechi. Huoni mbali."

Mama akaweka mkono mdomoni. Mimi, mwanangu, badala ya kufurahi nilikasirika. Maana nilielewa palepale: kipa asiyeona mbali si kipa. Na zamani zile nani alikuwa amemwona mtu anadaka mpira amevaa miwani Rufiji nzima?

Mwalimu akaniambia yaliyomleta. Kamati ilikuwa imeshakaa mara ya kwanza. Walikuwa na kijana mmoja wa Nyamwage, Hemedi, mrefu, mwepesi, lakini hajazoea mechi kubwa. Bwana Kindamba hakutaka kwenda mkoani na kipa mgeni. Kwa hiyo alikuwa tayari kunibakiza, kwa sharti moja: nije mbele ya kamati, nikiri kwamba niliuza, niombe radhi, nisamehewe, yaishe.

Moyo wangu ukaruka. Nilikuwa kijana. Ligi ya mkoa ilikuwa kwenda Kibaha, kwenda Bagamoyo, kucheza mbele ya watu wanaotafuta wachezaji wa timu kubwa za Dar es Salaam. Nikasema, "Kumbe rahisi. Si naomba radhi tu, Mwalimu? Maneno hayaniui. Na haya ya macho tuyaache hapahapa."

Sikuwahi kumwona Mwalimu Mtupa amekasirika kama siku ile. Sauti hakuipandisha. Alisema:

"Utaomba radhi, utasajiliwa, utacheza msimu mmoja, labda hata huo usiumalize. Siku utakayotoka uwanjani utatoka na nini? Utaoa, watasema kaoa muuza mechi. Utazaa, watasema mtoto wa muuza mechi. Na mimi sikuvuka mto kuja kukufundisha uongo. Nimekuja kwa sababu nikikuacha, nikuache nikiwa nakujua ni nani. Na wewe uachwe ukijua kwa nini."

Akashuka ngazi. Chini akageuka, "Jumapili, ghalani kwa Kindamba. Uje mwenyewe na mdomo wako. Mimi sitakusemea."

Siku zile mbili tatu sikula vizuri. Mama hakuniambia fanya hivi wala vile. Alichukua tu kazi ya kufukuza ndege wa mbali, akaniachia wa karibu, na hilo liliniuma kuliko maneno.

Jumapili nikaenda. Ghala lilikuwa wazi, kamati imekaa juu ya magunia, Bwana Kindamba kwenye kiti chake. Nje wachezaji wenzangu wamesimama, na yule Hemedi wa Nyamwage miongoni mwao, kavaa njumu za kuazima. Mwalimu alikuwa pembeni, anatazama sakafu.

Bwana Kindamba akaanza kwa upole, "Shabani, mwanangu, sisi si watu wabaya. Kijana hukosea. Sema neno lako, tukusamehe, tuendelee na kazi."

Njumu mpya, zangu nikikiri, zilikuwa pale chini ya kiti chake, nimewekewa makusudi nizione. Nikazitazama. Usidhani sikuzitamani. Nikamsikia mtu nyuma anakohoa. Kisha nikasema:

"Bwana mwenyekiti, sina cha kusamehewa. Mechi sikuuza. Magoli yale yaliingia kwa sababu sioni mbali, na jioni ndiyo sioni kabisa. Mimi mwenyewe sikujua, nimejua juzi."

Wakacheka baadhi. Bwana Kindamba akakunja uso. "Macho? Kijana mzima kama wewe? Hebu acha mchezo." Akanyoosha kidole nje, lori lake limeegeshwa ng'ambo ya barabara. "Haya, nisomee maandishi yale ya mbele."

Mwanangu, maandishi yale yalijulikana na kila mtoto wa Ikwiriri. Lori lile lilikuwa likiitwa kwa maandishi hayo. Ningeweza kuyasoma nimefumba macho, nikaomba ile radhi yao, njumu nikachukua, na habari za macho wakazisahau.

Nikasema, "Yameandikwa Mungu Mkubwa. Najua, kwa sababu nimelipanda lori lile mara nyingi. Lakini hapa nilipo siyaoni. Naona kitu cha bluu tu."

Bwana Kindamba alinitazama, akalitazama lori, akanitazama tena. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara mzuri anamjua mtu anayekataa faida iliyo mkononi. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akasema, "Basi kijana huyu hakuuza kitu." Kisha akawageukia waliokuwa nje, akapaza sauti: "Mmesikia? Hakuuza! Na nisisikie tena maneno yale mjini."

Nikafurahi kidogo. Kidogo tu, kwa sababu neno lililofuata nililijua. Mwalimu akasimama, akanijia, akalisema mwenyewe mbele ya wote, ananitazama usoni: "Shabani, mwaka huu hatutakusajili. Umetudakia vizuri, na tunakushukuru." Akanipa mkono. Kamati nzima ikasimama, mmoja mmoja, wakanipa mkono.

Nilipofika nyuma ya ghala nililia. Kuachwa kunauma hata kukiwa kwa haki, na atakayekwambia hakuumi hajaachwa.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Wiki ile Bwana Kindamba alinipakia kwenye lori lake, akanipeleka Dar es Salaam kwa daktari wa macho. Hakusema ni malipo ya yale aliyonidhania, na mimi sikumuuliza. Nilirudi na miwani mizito, watoto wakanicheka kuanzia stendi mpaka nyumbani. Sikujali. Njiani nilikuwa nimeona miti ina majani, kila jani mbali na mwenzake, na nilikaa mdomo wazi kama mgeni wa dunia.

Siku ya pili yake Hemedi akaja nyumbani. Alisimama uani, kaona haya, akasema, "Kaka Shabani, mimi mpira wa juu unanisumbua. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua." Nilitaka kumwambia aende kwa hao waliomsajili. Nikamtazama, nikaona ile hofu niliyokuwa nayo mimi mwaka wangu wa kwanza. Nikamwambia, "Kalete mpira."

Tukawa tunakutana kila asubuhi kabla ya shamba. Nilimfundisha kusimama, kutoka golini, kuwapanga mabeki kwa sauti. Mimi sasa nilikuwa naona alipokuwa anakosea, hata nikiwa upande wa pili wa uwanja! Ligi ya mkoa ilipoanza, Mwalimu akanichukua nikae benchi kama msaidizi wake. Kombe hatukupata, nisikudanganye. Lakini Bagamoyo, Hemedi alidaka penalti ya dakika za mwisho, na badala ya kukimbilia wenzake akakimbia mpaka benchi, akanikumbatia, miwani ikaanguka. Tuliitafuta kwenye nyasi timu nzima.

Baadaye niliingia kamati ya usajili mwenyewe, nikakaa miaka mingi. Kila mwaka tuliacha watu. Hakuna timu inayoweza kuwabeba wote. Lakini hakuna aliyesikia sokoni kwamba ameachwa. Nilikwenda kwake, awe Chumbi, awe Nyamwage, awe shambani kwenye tope. Wengine walinitukana. Mmoja alinifungia mlango, nikaongea na mlango. Karibu wote walirudi kunisalimia.

Kwa hiyo mwanangu, sasa unapotoka kwangu kwenda kwa watu, ukiwa wewe ndiye unayeachwa, kazini au popote, uliza sababu, na ukiambiwa ya kweli usiikimbie, hata ikikuuma. Usinunue nafasi kwa kukubali jambo ambalo hukulitenda. Nafasi ni ya msimu, na jina lako utalala nalo na kuamka nalo. Ukiwa wewe ndiye unayeacha, na siku hiyo itakuja, nenda kwa mtu kwa miguu yako, mwambie usoni, mshukuru kwa alichofanya. Usimzushie ubaya ili kuachana naye kuwe kwepesi kwako. Na yule atakayekuja kukaa mahali pako, akikuomba umfundishe, mfundishe.

Mwenyezi Mungu akupe mahali pa kusimama na watu wema wa kusimama nao. Siku ukiambiwa upishe, akupe kifua cha kupisha na mlango mwingine wa kuingia. Jina lako likutangulie kwa kheri kila nyumba utakayobisha hodi. Amina, mwanangu. Nenda.