Bodi Tupu Kihambani

Karibu na nyumba ninayopanga Soweto, hapa Moshi mjini, pana gereji ya kunyoosha bodi. Kila asubuhi nikipita kwenda kazini napokewa na harufu ya puti na thina, na kila asubuhi pua yangu hutafuta kitu kinachokosekana. Mafundi wale hunisalimia vizuri, nadhani wanaamini iko siku nitawaletea gari. Sina gari. Ninachotafuta pale ni harufu ya mavi ya ng'ombe, maana gari la kwanza nililolipenda maishani lilijengwa ndani ya banda la ndama, nyumbani kwa Bibi, Kirua Vunjo.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari mjini. Jumamosi alipanda kwetu mlimani akiwa na grisi kwenye kucha ambayo hata majivu hayakuitoa. Alikuwa na ndoto moja na hakuificha: kushindana katika mbio za magari zilizofanyika kule chini tambarare mwishoni mwa kiangazi, magari yakizunguka njia ya vumbi iliyochongwa kwenye shamba la mkonge lililoachwa. Alinipeleka kutazama mara moja. Mimi nilirudi na vumbi hadi kwenye meno. Baba alirudi kimya, na Bibi akasema huyu sasa ameshaugua, tusubiri tuone ugonjwa utatokea wapi.

Ulitokea kwenye bodi tupu. Gari kamili hakuliweza, akapata bodi ya gari dogo la zamani lisilo na injini, milango, viti wala taa. Mjini alipanga chumba kimoja na hakuwa na uwanja, kwa hiyo akaamua kulijengea nyumbani. Bibi alipoliona alishika kiuno.

"Mwanangu, umeniletea fuvu."

"Nitalivisha nyama, Mama," Baba akamjibu.

Sasa niwaeleze jinsi fuvu hilo lilivyofika, kwa sababu yote yaliyofuata yalianzia hapo. Kutoka barabarani hadi kwetu palikuwa na njia ya miguu tu, inayopita kati ya migomba na kuvuka mfongo, ule mfereji wa maji waliouchimba mababu, juu ya daraja la magogo. Bodi tupu si nzito kama mnavyodhani. Wanaume wa ukoo waliibeba mabegani, na mbele kabisa alikuwa Baba Mkubwa, kaka wa baba yangu, ambaye kihamba chake, shamba la urithi lenye nyumba na migomba, kimepakana na chetu. Alikuwa mtu wa matani. Njia nzima alilalamika kwamba hata jeneza lina heshima kuliko mzigo huu, maana jeneza halikuchungulii kwa matundu ya taa.

Baba alichinja mbuzi kuwashukuru. Kwetu mbuzi hagawanywi ovyo, kila kipande kina mwenyewe, na kidari ni cha mkubwa. Babu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo kidari kilikuwa cha Baba Mkubwa, wala halikuwa jambo la kuuliza. Lakini siku ile alikuwepo fundi Babuu, rafiki wa Baba kutoka mjini, ambaye angemsaidia kuchomelea. Baba alikuwa na furaha, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imemwingia. Akakata kidari, akamkabidhi fundi Babuu mbele ya watu wote.

Mikono ikasimama. Baba Mkubwa, na bega lake bado likiwa na kutu ya bodi, akanyanyuka, akanawa, akasema asante, akaenda zake. Mimi nilidhani ameshiba.

Kosa la namna hiyo lina dawa yake, na dawa ilikuwa ikiota pale pale. Mpaka kati ya vihamba vile viwili ulikuwa mstari wa masale, mimea ile ya majani marefu ambayo Wachagga hupandia mipaka na kuombea msamaha. Unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea. Akiliona hawezi kukataa. Bibi alimwambia Baba siku ya pili yake, akamwambia tena Jumamosi iliyofuata.

"Chuma jani, nenda kwa kaka yako."

"Nitakwenda, Mama. Lakini naye kanisusia mbele za wageni. Acha kwanza apoe."

Jamani, kiburi! Hana kasoro baba yangu ila hiyo moja, na hiyo ilitosha. Alikuwa na uvumilivu wa kusugua kutu kwa msasa tangu asubuhi hadi ng'ombe wanapokamuliwa, ila kutembea hatua chache na jani mkononi hakuweza.

Kazi ikaendelea. Baba na fundi Babuu walikata sakafu iliyooza wakatia mabati mapya. Walisuka ndani kizimba cha mabomba, ili gari likipinduka lisimlalie dereva. Injini ilikuja vipande vipande kichwani na mgongoni, giaboksi ikaja kwenye toroli. Kikafungwa kiti kimoja tu, cha dereva, na kuku wa Bibi akakifanya kiota, ikawa kila Jumamosi kazi inaanza kwa kuokota yai. Mwisho likapakwa rangi nyekundu ya buni iliyoiva. Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, ndama alikata kamba, na mimi nililia bila kujua kwa nini.

Wenzangu, mnaona lililokuwa linakuja. Bodi tupu hubebwa na watu, lakini gari linataka barabara. Daraja la magogo lisingelimudu. Upande pekee wa kutokea ulikuwa kupitia kihamba cha Baba Mkubwa, na tangu mwanzo Baba alihesabu kwamba kaka yake atampa njia. Hesabu hiyo aliifanya kabla ya kidari. Fundi Babuu alimshauri afungue injini ili bodi ibebwe tena, Baba akamwambia kilichozaliwa hakirudi tumboni. Na hata angekubali, ni nani wa ukoo angeinua bega bila Baba Mkubwa kuwa mbele?

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa Baba aliliwasha gari, likanguruma bandani mpaka migomba ikatikisika, kisha akalizima. Mbio za kiangazi zilikuwa zinakaribia.

Jumapili moja nilitumwa kukata majani ya ng'ombe karibu na mpaka. Nikamwona Baba Mkubwa upande wa pili, ameketi juu ya kisiki, panga miguuni. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, Manka." Akatega sikio hadi injini ilipozimwa. "Leo limelia vizuri. Wiki iliyopita lilikuwa linakohoa."

"Baba amebadilisha plagi."

"Ndiyo maana. Mwambie baba yako..." Akapangusa panga kwa jani la mgomba. "Basi. Usimwambie kitu. Atakuja mwenyewe."

Nyuma yake mibuni ilikuwa imelala chini. Alikuwa ameikata, na pale iliposimama ameng'oa visiki na kusawazisha udongo kwa jembe. Kwenye kijifereji alikuwa amepanga mawe bapa. Mibuni ile aliipanda Babu, nasi watoto tulichapwa kwa kuvunja tawi lake moja tu, ndiyo maana nilikimbia kumpasha Baba habari.

"Baba Mkubwa anakata kahawa!"

"Bei imeanguka, kila mtu anakata," Baba alisema, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Atapanda nyanya huyo."

Hakwenda kuangalia. Alikuwa amejiapiza kutokanyaga kule mpaka aitwe. Nami nilikuwa mtoto, nilijua kukata majani na kuokota mayai, sikujua kupima upana wa ardhi kwa macho. Mbio zikafanyika. Siku hiyo Baba alikaa kwenye kile kiti kimoja, mikono kwenye usukani, bila kuwasha.

Kiangazi kingine hakikufika kabla Baba Mkubwa hajashikwa na kifua. Hakuugua muda mrefu. Baba alikuwa mjini siku alipokata roho.

Tulimzika kihambani kwake, na ndipo Baba alipovuka masale kwa mara ya kwanza tangu siku ya kidari. Nilikuwa nimemshika mkono, akasimama. Mbele yetu palikuwa na njia. Ilitoka barabarani, ikapita juu ya mawe bapa, ikanyooka moja kwa moja hadi kwenye mpaka mkabala na banda la ndama, na upana wake ulikuwa wa gari dogo na nafasi ya kupumua kila upande. Kilichobaki kuziba kilikuwa ule mstari wa masale peke yake, haukuguswa hata jani.

Mama Mkubwa, mjane wake, alikuja akasimama karibu nasi.

"Njia yako hiyo, shemeji. Alisema masale hayakati yeye, utachuma wewe mwenyewe ukija."

Baba alichuma jani, akalifunga fundo. Vidole vilivyosuka gari zima vilishindwa na fundo lile mara kadhaa. Akaliweka juu ya udongo mbichi wa kaburi, akalia kwa sauti mbele ya watu, tena wageni wengi kuliko siku ya mbuzi. Isale halikataliwi, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini linataka mikono ya kulipokea.

Hakulitoa gari. Fundi Babuu alimsihi, hata Mama Mkubwa alimsihi, akasema hawezi kulipitisha pembeni ya kaburi. Limo bandani hadi leo, kutu imerudi ilikotolewa, na kuku wamelirithi. Baba sasa ni mzee na halizungumzii.

Muda mrefu nililaumu kidari. Nikiwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba wale wawili walikwisha kusameheana, mmoja kwa panga, mwingine kwa kungoja kuitwa, ila hakuna aliyemwambia mwenzake. Mstari ule wa masale uliondolewa baadaye, kwa ruhusa ya Mama Mkubwa, ili wanaukoo wapate pa kupita. Kila Desemba tunaporudi nyumbani kwa Krismasi, magari ya binamu zangu kutoka Dar na Arusha huingia kwa njia ile moja baada ya jingine, juu ya mawe yale yale bapa. Limebaki moja tu ambalo halijawahi kuipita, nalo ndilo lililochongewa njia hiyo.