Mzee wa Gumboot Aliyenipa WiFi ya Bure

Hii kitu ilifanyika, kwa hivyo usianze kunikatia jicho. Mimi niliacha shule Form Two, na hata hiyo Form Two niliingia kwa huruma ya mwalimu. Kama ningekuwa na kichwa ya kutunga story, saa hii singekuwa nabeba magunia ya viazi hapa Molo. Niamini ama uache, lakini hasira niliyo nayo si ya kutunga.

Na usiseme ati ilikuwa usiku nikaona vitu. Ilikuwa saa saba mchana, ndani ya airport, taa mpaka kwa choo.

Nilikuwa nimepata kazi ya kulinda stoo huko Uarabuni. Agent akanipigia Alhamisi: ndege ni kesho. Kesho! Mama yuko Olenguruone, mimi niko Nakuru nafukuzana na makaratasi, na barabara ya kupanda huko mvua ilikuwa imeikula. Sikufika kumuaga. Na kwetu mtoto haendi mbali hivi hivi. Mama anajaza mdomo mursik, maziwa ya kibuyu, anakupulizia kifuani, anasema maneno yake, ndio unaenda. Safari moja, mara moja. Akishamwaga, amemwaga.

Mama akaniambia kwa simu, "Usiingie kwa kazi ya watu na kifua kavu. Nipigie ile ya video, nitakupulizia hata kwa hiyo kioo."

"Mama, utaharibu simu ya Chebet."

"Simu itapanguswa. Wewe nani atakupangusa?"

Chebet ni dada yangu, ndiye mwenye simu ya maana. Lakini siku ya safari stima ilikuwa imepotea kwao, simu ikapelekwa center kuchajiwa. Tukapatana nitapiga nikishuka airport ya kubadilisha ndege, mama akiwa tayari na kibuyu.

Nikashuka. Airport kubwa kuliko Molo na Njoro ukiziunganisha. Kila ukuta umeandikwa WiFi ya bure. Nikabonyeza. Inasema weka nambari ya simu, tutakutumia code kwa meseji. Meseji itaingia wapi, na laini yangu ilikufa tukiwa hewani? Hiyo ni bure gani? Mpaka leo nikikumbuka nasikia kupiga mtu. Nikaenda kwa duka la kahawa, msichana akanionyesha kikombe: nunua kwanza. Nikasimama hapo kwa mlango nikiiba network kama mwizi wa kuku. Ikaja paa moja ya network, ikapotea. Na zilibaki dakika arubaini ndege yangu ifungwe.

Ndio nikasikia nyuma yangu, "Niaje, kijana ya Olenguruone."

Ni mzee. Amekaa chini karibu na soketi, koti nzito, gumboot. Gumboot, kwa airport inang'aa kama sahani ya harusi! Na zilikuwa na matope ya kwetu, bado mbichi. Sasa nikuulize, mtu mwenye akili angefanya nini? Angekimbia. Mimi nilifurahi ati nimepata mtu wa nyumbani.

"Mzee, umejuaje kwetu?"

"Unatembea kama mtu anashuka mlima na gunia. Unatafuta network?"

"Naitafuta kama dawa."

"Washa WiFi yako. Yangu haina password."

Akatoa simu. Kabambe, zile ndogo za tochi, ambazo hata picha haziwezi kufungua. Nikacheka. Lakini kuangalia kwa simu yangu, hapo juu kabisa kulikuwa na WiFi mpya, na jina lake lilikuwa jina langu la utotoni, lile mama pekee ananiita. Sitaliandika hapa, utanisamehe. Nikabonyeza. Paa zote zikajaa.

Nikapiga video kwa Chebet. Ikaanza kuita. Mzee akasimama, akanishika mkono polepole. "Kijana, ni miaka mingi sijasalimia mama wa nyumbani. Nipe nitangulie."

Na hapo ndio nilikosea. Lakini wewe ungefanya nini? Mzee wa kwenu anaomba kusalimia mama yako, utamwambia akae foleni nyuma ya mtoto? Mimi nililelewa. Nikampa simu kwa mikono miwili, kama mjinga mwenye adabu.

Mama alikuwa tayari, mashavu yamejaa, hangeweza hata kusema hallo. Akaona uso kwa kioo, hakungoja kuuangalia vizuri, akapuliza.

Niamini: maziwa yalitoka kwa hiyo simu. Mzee alikuwa amefungua vifungo, yakammwagikia kifuani, na harufu ya mursik ikajaa hapo katikati ya marashi ya matajiri. Nikasikia mama akisema maneno yote, ya njia, ya chakula, ya kurudi salama. Na mzee akijibu, "Nimepokea, mama," kwa sauti yangu. Sauti yangu mimi!

"Mama, si mimi huyo!" Nikanyakua simu. Imezima. Kugeuka, mzee hayuko. Kumebaki maziwa kwa sakafu na mfagiaji mmoja akinigombeza kwa lugha sijui, kama ni mimi nimemwaga.

Nikakimbia kwa mlango wa ndege. Dada wa hapo akaweka passport yangu kwa mashine, akaniangalia, akaangalia mashine. Kiingereza changu ni cha Form Two lakini hiyo nilielewa: huyu mtu ameshaingia ndani. Nililia, nikatukana, wapi. Walinirudisha Kenya kama mzigo umekataliwa.

Nikampigia agent. "Unanisumbua ya nini?" akasema. "Si uko kazini, na boss anakusifu!"

Huu ni mwaka wa pili. Nilipanda Olenguruone nikapiga magoti, nikamwambia mama anipulizie tena. Akaniangalia sana. "Ningekuwa na ingine ningekupa. Ya hiyo safari ilishaenda."

Na kila Jumapili wakitoka kanisa, simu ya Chebet inaita. Ni video. Mtu ana uso wangu, uniform imepigwa pasi, amenenepa. Mama anakaa kwa stuli anamuuliza kama amekula.

"Mama, si unajua huyo si mimi?"

"Najua," akasema, hata hakugeuka. "Lakini nilimbariki. Sasa nimkatie simu?"

Hiyo ndio inanimaliza. Kazi nimeiacha iende. Lakini mtu kukalia stuli yako kwa moyo wa mama yako, kila Jumapili, tena akicheka?

Sasa sikia, wewe unayesafiri. Baraka chukua nyumbani, hata kama utachelewa ndege. WiFi ikikuomba nambari, nenda kwa meza ya information na passport yako, wanakuchapishia code kwa karatasi. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa narudishwa, asanteni sana. Ukiona WiFi haina password na ina jina lako, zima simu. Na mzee akiomba kutangulia kusalimia mama yako, mwambie asimame nyuma. Akuite huna adabu, acha akuite. Mimi nilikuwa nayo mikono miwili, na kifua changu mpaka leo ni kavu.