Niliwafunza Kukataa Mchango, Sasa Mwanafunzi Wangu Hataki Kurudi Darasani

Admin, jina langu liweke kando, na la shule pia. Voi ni ndogo na hapa kila mtu ni shemeji ya mtu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, mwalimu wa Kiswahili na Dini. Klabu ya pesa ya shule sikuomba kuisimamia. Nilichelewa kwenye mkutano wa walimu, nikaingia nikakuta nimeshachaguliwa kwa kauli moja. Mambo ya uwekezaji nilijifunza mwenyewe kwenye simu, nikingoja maharagwe yaive.

Klabu inaendeshwa kwa mchezo wa bajeti ulioletwa na wafadhili, ndani ya sanduku. Kila mwanafunzi anapewa mshahara wa noti za karatasi, anapanga bajeti: kodi, chakula, maji, nauli. Kinachobaki anaweka kwenye sacco, ananunua kuku au hisa. Halafu anavuta kadi. Kadi inaweza kusema mwenye nyumba ameongeza kodi, au ndovu wameingia shambani (hapo wafadhili walifanya utafiti). Hizo huna ujanja, unalipa. Lakini iko kadi ya mchango wa mazishi, na hiyo unaruhusiwa kukataa. Muhula ukiisha, mwenye mali nyingi ndiye mshindi.

Bingwa wetu alikuwa msichana wa Kidato cha Tatu, nitamwita Wakesho. Wenzake walimwita Waziri. Kadi ya mazishi ikimwangukia, anaiweka mezani taratibu, anashika kifua, anasema, "Poleni wafiwa, tuko pamoja kwa maombi." Darasa zima linaangua kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikatafuta leso. Nikawaambia wengine, "Mnamwona Waziri? Huyo hatakuja kukopa kwa mtu." Tukampigia makofi. Na si mara moja.

Halafu baba yake, mtu wa bodaboda, akagongwa na lori akiwa kazini. Akafa kabla hajafikishwa hospitali.

Shuleni kwetu mtu akifiwa bahasha inazunguka darasani, kila mmoja anatia alichonacho. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Safari hii ilizunguka ikarudi imekonda. Nikaingia darasani kuuliza kulikoni. Mwakio, kijana ambaye kwenye mchezo hafiki katikati ya muhula bila kufilisika, akasimama.

"Madam, si kwa ubaya. Haiko kwenye bajeti."

"Na yale mandazi niliyokuona nayo asubuhi?"

"Hayo yako kwenye bajeti, Madam."

Sauti nyingine nyuma ikamalizia: "Poleni wafiwa, tuko pamoja kwa maombi." Wakacheka. Sio wote, lakini walitosha. Kabla jua halijazama maneno yalikuwa yamemfikia Wakesho nyumbani kwao, kule mlimani Sagalla.

Nilitoa changu, walimu wakatoa, tukazika. Tangu siku hiyo Wakesho hajakanyaga shule, na mwaka ujao ana mtihani wa mwisho.

Kila mtu ana dawa yake. Mwalimu mkuu anasema, "Ondoa hiyo kadi, yaishe." Mama mmoja wa upande wa wafadhili ananiambia kwenye simu, "Kadi hazibadilishwi, mwalimu. Shule zote lazima zicheze sawa." Mume wangu, ambaye anajua kila kitu isipokuwa bei ya gesi, akasema, "Si uwape alama wale wanaotoa?" Nikajaribu. Wiki hiyo walichanga kwa fujo, noti za mchezo zinaruka. Mmoja akaniuliza, "Madam, hakuna mwingine amekufa? Nataka kumpita Mwakio, ametoa mara tatu."

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba hiyo kadi haidanganyi. Simu yangu imejaa magrupu ya michango, mengine ya marehemu ambao sikuwahi kuwaona wakiwa hai. Naijua familia iliyouza ng'ombe wa maziwa ili kulisha waombolezaji, watoto wakabaki na chai ya rangi. Mtoto wa watu kama sisi asipofunzwa kusema hapana shuleni, atafunzwa na nani? Na nimemfunza. Matokeo ndiyo haya.

Jumamosi iliyopita nikapanda Sagalla. Mamake akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

"Mwalimu, huyu mtoto ameniweza. Nikimwambia avae yunifomu, anasema kichwa. Ni kichwa gani hiki cha kuuma Jumatatu mpaka Ijumaa?"

Habari ya mchezo hana. Anafikiri ni majonzi tu. Hata ile bahasha iliyokonda aliisifu: "Wenzake walijitahidi, Mungu awabariki. Watoto watatoa wapi pesa?"

Wakesho akanisindikiza mpaka barabarani, jerikeni tupu mkononi, akienda kupanga foleni ya maji. Nikamwambia darasa zima liko tayari kumwomba msamaha. Akatikisa kichwa.

"Waniombe msamaha wa nini, Madam? Angefiwa Mwakio, mimi ningekataa. Na wewe ungenipigia makofi."

Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayesoma jibu la hesabu. Nikapanda bodaboda nikaondoka.

Sasa nyinyi mnaosoma hapa, wengine wenu wazazi, wengine walimu kama mimi, nimemwahidi mamake nitarudi Jumamosi hii. Nikimwambia huyu mtoto kwamba nilimfunza vibaya, nitakuwa nadanganya, maana hesabu zake zilikuwa sawa. Nikimwambia nilimfunza vizuri, naanzia wapi, na yeye anashinda jikoni, yunifomu imetundikwa ukutani? Nikifika pale mlangoni, nianze na neno gani?