Vikombe vya Ghorofa ya Saba

Asubuhi na mapema, lifti ikiwa bado imezimwa, Mama Ngazi yuko ghorofa ya saba na ndoo yake. Anapiga deki taratibu. Akifika pale ngazi zinapokata kona, anaweka dekio kando, anapiga magoti na kufuta kwa kitambaa.

Walinzi humtania kwamba ana mchumba kwenye kona ile. Hawajakosea sana.

Jengo hili la ofisi lina ghorofa kumi na nane. Lilipojengwa, mjini hapakuwa na refu kulishinda. Mchora ramani wake aliweka ngazi katikati, juu akaacha uwazi ili mwanga ushuke na upepo upite. Nje alilivika mbavu za zege za kukinga jua. Mpaka leo umeme ukikatika, makarani hukimbilia ngazini kupunga upepo, na Mama Ngazi huwakaushia pa kukaa.

Terazo ya ngazi zote, ile sakafu ya saruji na vijiwe inayosuguliwa mpaka ing'ae, iliwekwa na mumewe, ambaye sasa ni marehemu. Wakati huo ndoa ilikuwa mbichi. Vijiwe vyeupe vilimwishia ghorofa ya saba, na mkaguzi yuko njiani. Akakimbia nyumbani, mke akiwa sokoni, akachukua vikombe vya harusi na kuvitwanga.

"Nilimnunia kutwa nzima," anasema akicheka. "Terazo ilipokwisha kusuguliwa akanishika mkono, akanileta hapa. Akasema, 'Mke wangu, hivi havitavunjika tena.'"

Ukiinama unaviona. Vipande vingine bado vina ua la buluu.

Sasa wenye jengo wanataka kulivika vioo na kufunika ngazi kwa vigae. Mafundi wameshafika ghorofa ya nne. Mama Ngazi alimwendea msimamizi wao, akamweleza yote. Kijana yule alipanda naye, akachuchumaa, akapapasa ua la buluu.

"Mama, kipande hiki nitakukatia mwenyewe. Ila kinaweza kupasuka."

"Hata kikipasuka nipe, baba. Kilishapasuka zamani."

Nyumbani, mwanawe ameshachimba shimo mlangoni la kukilaza kipande hicho. Wote wanaliruka, na mkwewe analalamika kwamba ataumia mguu. Mama Ngazi anawaomba wavumilie.

"Marehemu aliwawekea watu ngazi nzima, kwetu hakupata nafasi ya kuweka hata pa kukanyaga," anasema. "Nikirudi jioni nitavua viatu kwanza, ndipo nikanyage."