Sauti ya Kujifichia

Mwanamke niliyesoma naye utangazaji katika chuo kidogo cha jamii hapa Butembo amefariki huko Beni. Nilipopata habari niliuliza swali ambalo siku hizi sote tunaliuliza kabla ya kulia: amekufaje? Malaria, wakaniambia. Nikashusha pumzi, kisha nikaiogopa pumzi yangu mwenyewe. Tumefika wapi, ndugu wasomaji, hata malaria iwe habari ya kututuliza? Nimemuuliza muuguzi, nimemuuliza kaka yake, na wote wanasema malaria. Sina sababu ya kuwakatalia, ila mazoea.

Chuo chetu kilikuwa na mikrofoni moja na chumba kilichozibwa kwa magunia ya kahawa ili kelele za soko zisiingie. Mwalimu alitaka tuseme kama watu wasio na kwao. Marehemu alikuwa binti wa wakulima wa milima ya Lubero, na kila alipofungua kinywa, Kinande, lugha ya kwao, kilitangulia. “Weye, unasoma habari ao unauzisha viazi?” mwalimu alimkatiza. Tulicheka. “Na bale banakulaka viazi, Prof, hawana redio?” alijibu. Lakini alijifunza. Mwishowe hakuna aliyemshinda kwa usafi wa sauti, na tungali wanafunzi redio ya mjini ikamchukua asome habari za jioni, bila kutaja jina, maana siku hizi hakuna msomaji anayetaja jina lake.

Jioni moja alisoma kwamba wanajeshi wamewanyang’anya wafanyabiashara mali zao kwenye barabara ya Mbau. Kesho yake neno likaenea: mkubwa wao anaitafuta ile sauti. Nasi tulikuwa tayari juu ya lori, twende Beni kwa mazoezi ya kazi ya siku chache. Kwenye kizuizi, askari mwenye redio ndogo shingoni aliwaamuru wanawake waseme, mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja mchuuzi, aliyekuwa ameitambua sauti yake njiani, alimsukumia mwenzangu kikapu cha viazi magotini. “Kamata, binti. Na usiseme sawa na redio.” Sikuthubutu kumtazama. Miaka ya kusafisha sauti ingeweza kumponyoka kwa neno moja tu.

“Unaenda wapi? Sema kwa nguvu!”

“Naenda Beni, afande, kuuzisha biazi. Mvua ilitupiga kule mulima, ona, hii imeanza kuoza.”

Askari alicheka. “Hapana huyu. Ule wa redio anasemaka sawa muzungu. Pita, mama ya biazi!”

Lori lilipokata kona, alimrudishia mama kikapu chake. Baadaye nilimuuliza, kwa ujuaji wangu, kwa nini asisome habari kwa sauti ile ya kwao, ambayo watu wangeipenda zaidi. Alinitazama kama mtu aliyeombwa ufunguo wa nyumba yake. “Ile ya kwetu hapana kuiweka kwa redio. Nikiiweka, nitajificha wapi?”

Wiki ileile alirudi kwenye mikrofoni. Chuoni walitufundisha kwamba mwanahabari haogopi. Sikuamini wakati ule, na sasa ndiyo siamini kabisa. Yeye aliogopa kila jioni. Karatasi aliilaza mezani, hakuishika, ili wasikilizaji wasiisikie ikichakacha mikononi mwake. Wazee husema mdomo huponza kichwa. Wake ulikiponza, na ukakiponya.

Juzi redio ileile ilisoma tangazo la msiba: binti wa mkulima wa viazi, mazishi milimani. Familia iliomba isisemwe alifanya kazi gani, kwani baba yake na wadogo zake bado wanapita kwenye kile kizuizi. Hivyo mji mzima ulisikia habari ya kifo chake na haukujua ni nani. Leo asubuhi nimemsikia jirani akisema, “Yule wa habari za jioni amepotea. Atakuwa amepata kazi kubwa Kinshasa.”

Nimeingia ndani kuandika haya. Ninyi nawaambia, nami jina langu sijaliweka hapa: sauti mliyoizoea ikitoweka, msiitafutie kazi kubwa mahali pa mbali. Ulizeni. Ulizeni kwa sauti ya chini, mkitaka, lakini ulizeni.