Bi Chapa na lebo iliyomtoa jasho

Saa mbili asubuhi, foleni kwenye dirisha la dawa imeshapinda kona. Nyuma ya kioo, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni anaandika mstari mmoja kwenye skrini nyeusi isiyo na picha wala vitufe vya kubofya. Anabonyeza enta. Kichapishi kinakoroma, kinatema lebo ndogo nyeupe. Anaisoma kwa sauti, ndipo anaibandika kwenye pakiti.

"Siku hizi lebo haitoki hapa bila mimi kuisoma," anasema. "Aliyeumwa na nyoka, jani likimgusa hushtuka."

Wafanyakazi wenzake humwita Bi Chapa. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya wakili. Ofisi ilipofungwa alikaa nyumbani, akiuza maandazi yasiyonunulika. "Hata mume wangu alikuwa anayala kwa huruma," anacheka.

Hospitali ilipotafuta mtu wa kuchapa lebo, fundi wa kompyuta alimfundisha amri chache. Aliyoipenda ni echo, yaani mwangwi. Ukiiandikia neno, inakurudishia lilelile.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka zilipoletwa karatasi nyembamba. Maneno "kidonge" na "kutwa mara" hayakuenea tena, yakaondolewa. Zikabaki tarakimu tupu: 1 ya kidonge, kisha 2 ya mara kwa siku. Bi Chapa aliziachanisha kwa nafasi nyingi, kama alivyozoea kwenye taipu. Hakujua kwamba mwangwi ule hubana nafasi zote, ikabaki moja tu.

Asubuhi moja simu ya dirishani ililia. Alikuwa mke wa seremala mmoja mstaafu, mgonjwa wa moyo.

"Mwanangu, samahani kukusumbua. Hivi ni kweli mzee anywe vidonge kumi na viwili?"

Bi Chapa alipiga kelele.

"Usimpe! Mama, nakuomba, usimpe! Ni kimoja, asubuhi na jioni!"

Kutoka upande wa pili akasikia kicheko.

"Sijampa. Nimeviweka kwenye kisahani, nikavitazama, nikasema hii sasa si dawa, ni chakula cha mchana. Acha niulize kwanza."

"Nilikaa chini palepale sakafuni," anakumbuka Bi Chapa. "Nikalia, nikacheka, nikalia tena. Watu wa foleni wakadhani nimefiwa."

Mfamasia mkuu alisimamisha uchapaji na kuagiza kila mgonjwa wa wiki ile apigiwe simu. Lebo zikaandikwa kwa mkono. Wote walikutwa salama. Wengi hata hawakuwa wameisoma lebo, walikumbuka tu maelezo ya dirishani.

Fundi alirudi na amri nyingine, printf. "Hii, mama, haibahatishi," alimwambia. "Unaipangia kila kitu chumba chake na upana wake, nayo inatii."

Ilitii kupita kiasi. Jaribio la kwanza, lebo zote zilitoka zimeungana katika mstari mmoja, jina la huyu likimalizikia kwenye dawa ya yule. Kumbe hata kushuka mstari ni lazima uiambie.

"Nikamwambia fundi, hii ni kama mkwe mpya. Usipomwonyesha kiti, atasimama mpaka jioni."

Leo, badala ya kubanwa kwenye mstari mmoja, lebo ina mistari mitatu: jina, dawa, na matumizi kwa maneno kamili. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Seremala yuko hai. Wiki iliyopita alifika mwenyewe dirishani, akitaka kumwona "yule binti aliyepiga kelele kwenye simu". Bi Chapa, mwenye wajukuu wawili, alifurahi kuitwa binti.

Sasa ana ombi kwa mfamasia: mstari wa nne, unaosema dawa inatibu nini. Wazee wengi, anasema, hubeba pakiti tano zinazofanana bila kujua ipi ni ya presha na ipi ni ya magoti.

"Nafasi ipo, nimeshaipima," anasema, akimwita anayefuata. "Nasubiri tu waniruhusu."